Hadithi Uliyoiacha Ng'ambo ya Kagera

Ndama, Alhamisi jioni

Mwalimu,

Naanza bila salamu, unisamehe. Wewe ndiye uliyenifundisha barua inavyokaa: kwanza salamu, halafu habari za nyumbani, halafu shida. Leo shida imetangulia. Lile jambo ulilonituma siku ile unakufa nimelifanya wiki mbili zilizopita, baada ya miaka minane, na nimelifanya vibaya. Nimechelewa. Mzee Kamugasha amekufa.

Nimeliandika mapema nisije nikaanza kuzunguka. Unanijua. Ulizoea kusema kwamba mimi naweza kusimulia safari ya kwenda kisimani mpaka kisima kikakauka.

Naandika kwenye daftari la Tabita, kwa penseli yake aliyoitafuna mwisho wote. Tabita ni mwanao. Wewe ulimjua kwa kunipapasa tumbo tu. Ana miaka minane sasa, meno ya mbele yamemtoka na mapya yanakuja yamepishana kama yako. Ni mkaidi, anauliza maswali mpaka kichwa kinaniuma. Na anapenda maharage, Mwalimu. Anafuta sahani kwa kidole. Nikimwona anavyoifuta natoka jikoni, nasingizia moshi.

Habari nyingine ni hizi. Vita ya Wazungu imekwisha, vijana wawili wa darasa lako hawakurudi. Mibuni uliyoipanda nyuma ya nyumba inazaa, juzi nilianika kahawa yake mvua ikanikuta. Biblia yako mchwa waliiingia kwa upande wa Mambo ya Walawi, nikaiokoa iliyobaki. Koti lako nilimkatia Tabita, likatoka koti la mtoto na bado kikabaki kitambaa cha kufuta ubao. Darasani kwako wameweka kijana kutoka Bukoba mwenye sauti nzuri na fimbo ndefu. Na mimi nakaa benchi la mbele.

Hilo benchi ndilo nataka tuliongelee. Hujui unavyosimuliwa huku. Kaa usikie.

Wanasema Mwalimu Zefania, mtu wa Muleba, aliacha shule yake na shamba lake, akamchukua mkewe, akavuka Kagera kwenda upande wa Wabelgiji kuwapelekea Neno wafugaji wasiolijua. Akawahubiria wiki sita. Mzee wao, mwenye moyo wa jiwe, akamchukia kwa ajili ya Jina la Bwana, akamfukuza kwenye mvua kama mbwa, na Mwalimu akafa ukingoni mwa mto akiwaombea adui zake. Watoto wa shule ya Jumapili wameitungia wimbo. Tabita ndiye anayeuanzisha, maana ni mtoto wa shujaa. Mimi nimekaa pale mbele, nimejifunga kitambaa cheupe, watu wakiingia wananiinamia kidogo kabla hawajakaa. Wazee wazima, Mwalimu. Wananipa shikamoo watu wa rika langu.

Na nimekaa nikaisikia hadithi hiyo kwa miaka minane, sikusema kitu.

Mwezi uliopita mchungaji akaja nyumbani na wazee wa kanisa. Wanajenga kikanisa kando ya mto, upande wetu, kwa jina lako. Jumapili hii wataweka jiwe la kwanza, na mjane atasema machache. Nikasema asanteni. Wakala ndizi, wakaomba, wakaenda zao. Tabita alikuwa amejibanza mlangoni akisikiliza. Akaniuliza, "Mama, yule mzee aliyemuua baba bado yu hai?" Nikamwambia hakuna aliyemuua baba yako. Akasema, "Mimi nitamchukia mpaka nife." Akasema hivyo akiwa anamenya ndizi, bila hasira, kama mtoto anayesema atakwenda kuteka maji. Nikaona giza. Nikamwomba jirani akae naye siku tano, nikafunga mzigo wangu.

Sasa nitakuandikia tena yale unayoyajua, maana nataka yawepo kwenye karatasi mahali fulani, yakiwa kamili, kabla ya Jumapili.

Wewe mla furu wa Muleba, mtu wa ndizi na samaki, nilikufundisha kabla hatujapanda mtumbwi. Nilikwambia mimi ni mtoto wa wafugaji, nimezaliwa kwenye nyanda za Mabira, nawajua watu hawa hata kama sijawahi kuwaona. Anayekunywa maziwa yao hali maharage, hali viazi, hali samaki. Vitu hivyo vikikutana na maziwa tumboni mwa mtu, ng'ombe ndiye anayeumia: kiwele kinavimba, maziwa yanatoka na damu. Ukacheka, ukasema hayo ni mambo ya kale. Nikakwambia cheka ukiwa huku, kule usicheke. Ukanishika shavu ukaniambia, "Sawa, mwalimu wangu."

Na kule, lazima nikiri, ulijua kuishi. Mzee Kamugasha alitupokea kwa kututazama tu siku mbili nzima, mrefu, mkavu, mkono umeegemea fimbo. Siku ya tatu akamwambia mkewe atuwekee kyanzi chetu wenyewe, kile chombo cha mti cha maziwa, kimefukizwa moshi wa nyasi mpaka kinanukia. Akasema mtu mwingine asikitumie. Na maziwa ya ng'ombe mmoja, Gaju, yule mwenye rangi ya udongo, yakawa yetu. Nilikueleza maana yake jioni ile, ukalia. Mgeni aliyewekewa kyanzi si mgeni tena.

Kila jioni, ng'ombe wakirudi, moto wa samadi ukiwashwa kufukuza nzi, ulimsimulia kipande kimoja cha habari za Yesu. Kipande kimoja tu, halafu unasema kesho. Nilikuwa nakulaumu, nasema mpe yote, tutakaa huku mpaka nijifungulie porini? Ukasema mzee huyu anasikiliza kama anavyonywesha ng'ombe, mmoja mmoja, ukimharakisha atawarudisha wote. Unakumbuka alivyouliza huyo Yesu alikuwa na ng'ombe wangapi? Uliposema hana hata mmoja alisikitika kwelikweli, akamgeukia mkewe wakatikisa vichwa, na asubuhi akakuuliza tena labda ulisahau. Tulicheka mpaka tukafunika nyuso na blanketi. Alikuahidi kwamba siku utakayomaliza hadithi atakupa jibu lake, kama watoto wa boma lile watafundishwa au la. Ulihesabu jioni zilizobaki, ukaniambia ni nne.

Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne, nimechoka na maziwa. Maziwa asubuhi, maziwa jioni. Nilikuwa naota maharage, Mwalimu, naota yanavyochemka. Chini ya mzigo nilikuwa nimefunga kibaba kimoja kwenye kitambaa, nilikibeba kwa ajili ya njia. Nikaenda nacho nyuma ya kile kichuguu kikubwa karibu na kijito, nikapika kwenye kichungu kidogo. Mimi, si mtu mwingine. Mimi niliyekufundisha wewe.

Nilipika mara tatu. Mara ya pili ukanikuta. Nilidhani utanigombeza. Ukachuchumaa, ukachungulia, ukacheka, ukasema, "Kula, Damari, mtoto anadai chake. Mungu hachungulii vyungu." Halafu ukasema, "Ila usiwaambie, tusije tukawakwaza." Nimeyafikiria maneno hayo miaka minane. Uliyasema kwa wema tu. Jioni ile nikanywa maziwa ya Gaju kwenye kyanzi chetu na mkewe Kamugasha akiniangalia, nikamrudishia chombo kwa mikono miwili.

Mara ya tatu ilikuwa siku ile uliyoshinda na mzee kwenye mabirika, mkiteka maji ya kunywesha ng'ombe. Jioni ukamsimulia Petro. Ulifika pale Bwana amekamatwa, amepelekwa nyumbani kwa kuhani, na Petro yuko uani anaota moto, kijakazi anamwuliza, naye anasema simjui. Mzee alisimama, alikasirika! "Mtu amekula naye chombo kimoja, halafu anasema simjui?" Akatembea huku na huku. Akasema yeye mtu akinywa maziwa yake akaja kumdanganya machoni, hatamwekea tena. Kisha akakaa, akauliza, "Na yule aliyekamatwa, walimfanya nini?" Ukasema, "Kesho, mzee." Ndivyo ulivyozoea.

Asubuhi maziwa ya Gaju yakatoka na damu.

Hakupiga kelele. Aliwaita wote waliokunywa maziwa ya boma lile, watu saba pamoja na sisi, akauliza nani amekula. Tu. Ulimi wangu ukawa mzito, ukawa si wangu. Nilikuwa nimeona kwetu Mabira, nikiwa mtoto, mke wa baba mdogo alivyofukuzwa kwa fimbo kwa kosa kama lile, damu inamtoka puani, na wanawake wenzake wanamzomea. Nilikuwa nimekusimulia. Nikaweka mkono tumboni. Wewe ukaniangalia mara moja, ukasimama.

"Ni mimi, mzee. Nilikula maharage."

Akakutazama kwa muda mrefu. Akakuuliza, "Ni wewe?" Ukasema ni mimi. Akakuuliza lini. Ukasema jana. Akauliza tena, polepole, kana kwamba anazungumza na kiziwi, "Jana, wewe?" Ukasema ndiyo, jana, ni mimi.

Akamwambia mkewe achukue kyanzi kwetu. Akasema, "Nendeni. Mto bado haujajaa." Hakuna aliyetupiga. Hakuna aliyekufukuza kama mbwa. Mkewe alinikimbilia nje ya boma akanitupia ngozi ya kujifunika mvua, ambayo Tabita analalia hadi leo. Kwenye ule wimbo wa watoto hakuna ngozi.

Na mto ulikuwa umejaa tayari, mvushaji yuko upande wa pili hawezi kuvuka. Siku kumi na moja tulikaa kwenye kile kibanda cha wavuvi kwenye mafunjo, mvua juu, papasi chini. Siku ya sita homa ikakushika. Niliegemeza mgongo wangu ukutani ili wewe uniegemee. Ulikuwa unazungumza Kihaya na mama yako. Asubuhi ya mwisho ukawa mzima kabisa wa akili, ukaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, "Damari, rudi kamwambie mzee ukweli. Halafu ummalizie hadithi." Nikasema ndiyo. Nilikuapia nimekushika uso. Mvushaji alipofika tulikuzika palepale pa juu, pasipofikiwa na maji, tukapanga mawe.

Nilivuka na mvushaji, nikaja nyumbani. Watu wakauliza imekuwaje. Nikasema, "Walitufukuza." Neno moja hilo, Mwalimu. Sikusema uongo hata. Wao wakayajaza wenyewe yaliyobaki, na mimi nikawaacha wakajaza. Kwanza nilikuwa na mimba, haya. Kisha nilikuwa na mtoto mchanga. Kisha vita, mpakani kuna askari. Kisha kikohozi, nililazwa hospitali ya Nyakahanga mwezi mzima. Sababu zilikuwa hazinipungukii. Nikuambie lililokuwa kweli? Niliipenda heshima ile. Mimi mtoto wa wafugaji, niliyebatizwa nikiwa mkubwa, niliyesoma kwa kuoneshwa herufi na mume wangu mbele ya moto, nilikuwa nimewekwa mbele. Nilitaka kukaa pale kidogo. Kidogo ikawa miaka minane.

Basi, nilikwenda. Mvushaji ni yuleyule, amepoteza jicho moja, hakutaka nimlipe. Nilipita kwenye kaburi lako. Majani yamekuzidi, Mwalimu, nilitafuta mawe kwa miguu. Nilitaka kusali, nikajikuta nang'oa majani mpaka mikono ikachanika, nikaenda.

Boma limehama kidogo, si mbali. Nikamkuta mama mwenye boma, mkewe Kamugasha, amekaa juani, amezeeka sana, macho yake yana ukungu. Nikampigia magoti nikamsalimu kwa lugha yetu. Akanijua kwa sauti. Akasema, "Wewe ni wa kyanzi." Nikamwulizia mzee. Akasema amekufa kiangazi kilichopita, wakati wa kuchoma nyasi. Miezi mitano, Mwalimu! Ningekwenda Pasaka ningemkuta.

Nikaanguka kifudifudi nikamwambia kila kitu. Kwamba ni mimi niliyekula. Kwamba wewe hukugusa hata harage moja. Nililia, nikajigaragaza, nikasema nipigeni. Akanisubiri nimalize. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, tulijua."

Walijua! Siku ileile, asubuhi ileile. Mzee alikuwa na wewe kutwa nzima kwenye mabirika, ungekula nini na wapi? Na yeye mama aliniona kwa macho yake nyuma ya kichuguu, akamwambia mumewe kabla hatujaitwa. Nanukuu maneno yake yote, nimeyakariri njiani: "Nilimwambia, msichana ana mimba, mimba haina adabu. Kwetu huku mwenye mimba tunampa majani anatapika, ng'ombe anaoshwa kiwele, yanaisha. Mzee akasema sawa, ngoja waseme wenyewe." Ndiyo maana alikuuliza mara tatu. Alikuwa anakusubiri. Alikuwa ameshasamehe, alichotaka ni kusikia kweli kutoka kwako, wewe uliyekuwa unamsimulia habari za kweli kila jioni.

Mama yangu! Zefania, kwa nini ulidanganya? Nani alikutuma? Nilikuwa nina mdomo wangu, ungeniacha ninyamaze mpaka nichoke. Maisha yako yote hukuwahi kusema uongo, hata bei ya kuku ulikuwa unaitaja ileile uliyonunulia, watu wakakuona mjinga. Uongo wako mmoja ukauweka pale, mbele ya mtu yule, asubuhi ile, kwa ajili yangu. Nina hasira nawe. Nimekuwa nikikulilia kwa miaka minane, na tangu siku ile nakukasirikia, halafu nakumbuka ulivyoniangalia kabla ya kusimama, nakosa pa kuiweka hasira.

Bado sijamaliza. Lililobaki ndilo linalonikosesha usingizi.

Mama akanishika mkono akaniingiza ndani. Kwenye kile kichanja cha vyombo, mwisho kabisa, kuna kyanzi kimefunikwa kichwa chini. Chetu. Mzee alikataa kisigawiwe mtu na kisivunjwe. Kila mwezi ukiandama alimwambia mkewe akifukize. Alisema yule mwalimu atarudi kusema kweli, si mtu mbaya, na akirudi asikute chombo kinanuka.

Na alisumbua watu. Kila msafiri aliyepita, mwenye chumvi, mwenye majembe, alimkalisha chini, akampa maziwa, akamwuliza, "Yupo mtu alikamatwa, rafiki yake akamkana kwenye moto. Walimfanya nini?" Hakuna aliyejua. Walidhani anauliza habari za mashauri ya huko walikotoka wao. Mmoja akamwambia bila shaka alitozwa ng'ombe akaachiwa. Mzee akakataa kabisa, akasema, "Hana ng'ombe hata mmoja. Mwalimu alisema."

Miaka minane, Mwalimu. Na mimi nimekaa benchi la mbele, mwendo wa siku mbili kutoka kwake, nasikia habari ile kila Ijumaa Kuu na kila Pasaka mpaka nasinzia.

Siku anakufa alimwuliza tena mkewe. "Unadhani walimwachia?" Mama akamjibu, "Labda." Akafa na hiyo labda.

Akanigeukia na macho yake ya ukungu, akasema, "Wewe unajua. Walimfanya nini?"

Nikasema, "Walimuua."

Akapiga paja, akasema, "Nilijua." Akalia. Alilia kama analia ndugu yake, akajifunika, akamtaja mumewe, akasema heri hakusikia. Mimi nikafungua mdomo niendelee. Unajua kilichobaki ni kifupi, hata Tabita anakisema kwa pumzi moja. Haikutoka. Siku ya tatu ilinikwama hapa, kooni, kama mfupa. Nilikuwa nimetoka kung'oa majani juu yako asubuhi, kucha zangu bado zina udongo wako. Nimwambie nini mwanamke yule, kwamba kaburi lilikuwa tupu? Lako nimeliona, halikuwa tupu. Nikanyamaza. Kwa mara ya pili katika boma lile nikanyamaza.

Jioni akakamuliwa mjukuu wa Gaju. Mama akateremsha kyanzi chetu, akakijaza, akakileta mbele yangu kwa mikono miwili. Kabla hajanipa akauliza, "Umekula nini leo?" Nikasema, "Viazi, mama, njiani." Akasema, "Haya, kesho basi." Akakirudisha kichanjani, akanipa maji. Hakukunja hata uso. Ni hilo tu lililokuwa linatakiwa tangu mwanzo, Mwalimu, neno moja, na kungojea kesho.

Na kesho yake sikuingoja. Alfajiri nikachukua mzigo wangu nikaondoka bado amelala. Nilishindwa kukinywea chombo kile. Nimemwacha mama wa watu na mtu aliyeuawa, basi, kuuawa tu. Wewe ulimwacha mumewe uani kwa kuhani, mimi nimemwacha yeye kaburini, na njiani nilijicheka kwa sauti, nikasema tazama wamisionari hawa.

Siwezi kukudanganya wewe. Sijui kama bado naamini. Nasali kwa sababu Tabita ananitazama. Nikisema amina naisikia inadondoka karibu. Nilidhani nikienda kutubu nitarudi mwepesi, ndivyo wanavyoshuhudia kanisani, eti mzigo umeanguka. Wangu nimerudi nao, umeongezeka na wa mzee. Kwake yeye ni basi tena. Hata nikiisimulia hadithi ile mpaka nife, yule aliyeitaka kuliko watu wote niliowahi kuwaona hataisikia.

Tabita ameingia sasa hivi kudai daftari lake. Nimemwambia asubiri. Kesho nitamsomea barua hii yeye kwanza, kabla ya mchungaji, maana chuki ile ameibeba kwa ajili yangu.

Naagana nawe hapa, mume wangu, na nakuahidi tena, ingawa ahadi yangu unaijua ilivyo. Jumapili nitasimama kwenye jiwe lao nitasema ni nani aliyekula na ni nani aliyedanganya na kwa nini, na kwamba mzee alikuwa mtu wa kweli kutuzidi sote. Nitaitaja na ile ngozi. Wakitaka kujenga wajenge, jina watafute lingine. Benchi walichukue. Jumatatu nitavuka na mwanao, tukiwa na njaa, hatutakula kitu njiani. Tutapita kwako, yeye atang'oa majani upande mmoja na mimi upande mwingine. Halafu tutakwenda kwa mama. Akiniuliza nimekula nini nitasema sijala, nitapokea kile kyanzi, nitakunywa mbele yake. Kisha nitamwambia kwamba sikumaliza. Sauti ikinikatika tena, Tabita yupo, anaijua yote.

Lala, Zefania. Na kama huko uliko mzee Kamugasha amefika, na amekuona, na amekaa chini mbele yako na fimbo yake akingoja, tafadhali, usimwambie kesho.

Mkeo,
Damari